Aya Uliyomtumia Mama

Kaka yangu,

Salaam alaykum. Huku tunaendelea. Cherehani ilikuwa inakata uzi, nimeibadilisha sindano imetulia. Shangazi amehamia chumba cha Mama ili nisikae peke yangu.

Umeandika kwamba tushukuru, Mama kafa na saumu yake. Simu yake ninayo mimi, na sauti yako bado imo: "Mama, Mungu amesema kufunga ni bora kwenu. Jikaze." Daktari alimkataza kufunga kwa ajili ya sukari yake, lakini wewe ndiye mwalimu wa dini, akakusikiliza wewe. Siku ya tisa ya mfungo, alasiri, nilimkuta kalala sakafuni jikoni, hasemi.

Aya hiyohiyo, kabla ya maneno yako, imemruhusu mgonjwa asifunge. Inayofuata inasema Mungu anatutakia mepesi, hatutakii mazito. Unaijua kuliko mimi, na bado ulimpa Mama kipande.

Nilitaka niishie hapa, nikubebeshe wewe yote. Lakini siku ya nane Mama aliniletea msahafu, maana macho yake yalishachoka. Akasema, "Mwanangu, hebu nisomee yote, nisikie kaka yako kaachia wapi." Nilikuwa na sare za shule za kumalizia. Nikamjibu bila kuinua kichwa, "Mama, kaka si ameshakusomea?"

Akaweka uzi wangu mwekundu kwenye ukurasa, anisubiri nimalize. Bado umo.

Mdogo wako,
niliyekuwa na Mama nyumba moja