Kura Niliyoiruka

Dada mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na shemeji na wapwa zangu hawajambo. Mgongo umepoa? Sisi huku tunavuta siku tu, msiba bado mbichi.

Uliniandikia kunishukuru kwamba suala la mama tuliliamua kwa kura, hakuna aliyemwonea mwenzake. Nimeisoma barua yako mara nyingi, nikashindwa kuijibu. Leo acha nikueleze.

Mama alipoanguka bafuni mara ya pili, tulikuwa wanaume watatu na mawazo matatu. Kaka alitaka ahamie kwake. Ikishindikana, abaki nyumbani kwake na mlezi. Makao ya wazee hakutaka hata kuyasikia. Mdogo wetu alitaka abaki nyumbani. La sivyo, heri makao kuliko kwa mke wa kaka, ulimi wake unaujua. Mimi niliyekuwa nikimwogesha kila siku nilichoka, dada. Nilitaka makao, au basi kwa kaka. Wenzangu walikuwa wameniambia yao mapema, mmoja mmoja.

Wakaniachia kikao, eti mimi katibu wa ushirika, mikutano naijua. Nikauliza kwanza: nyumbani kwake au kwa kaka? Kwa kaka, kura mbili. Kisha kwa kaka au makao? Makao, kura mbili. Nikafunga daftari. Kaka alilia, lakini akasema wengi wape. Mama alikuwa chumba cha pili. Hakuna aliyemwita.

Wiki ya tano makaoni, nikimkata kucha, aliniuliza nyumba yake ilishindwa na nini. Nikamwambia ilishindwa na kwa kaka. Akauliza mbona basi hayuko kwa kaka. Nikasema kwa kaka nako kulishindwa na hapa. Akasema, "Na hapa na kwangu, mlishindanisha?"

Nikainamia kidole kinachofuata. Akaurudisha mkono chini ya blanketi, vidole vitatu havijaguswa. Siku tisa baadaye akafariki.

Dada, kura hiyo sikuisahau. Niliiruka makusudi. Nilijua kaka na mdogo wetu wangeungana, mama angebaki kwake, nami ningebaki na beseni mkononi. Ningeanza na swali jingine, jibu lingekuwa jingine. Sikuiba kura hata moja. Nilizipanga tu.

Jumapili nitawaambia wenzangu. Nimetaka wewe utangulie kujua.

Wabusu watoto. Usiponijibu nitaelewa.

Ni mimi, ndugu yako wa ziwa moja, kama bado utakubali kuniita hivyo.