Bakuli la Maji Ndani ya Lori Letu

Nyumbani, Sumbawanga

Mama Kristina mpendwa,

Kwa heshima yote ambayo mume anaweza kumpa mkewe, nakusalimu kutoka hapa uani kwetu, asubuhi hii ya baridi unayoijua. Niruhusu nianze kwa kukutaka radhi. Ilinipasa nikuandikie kabla ya mvua kuanza. Sasa mvua zinakatika, maharage ya majirani yanakauka shambani, nami ndiyo kwanza nashika kalamu. Macho yangu yamepungua nguvu, lakini sitayasingizia. Sikuandika kwa sababu habari niliyokuwa nayo niliionea haya: lori letu lilikuwa limeinama.

Unakumbuka nilivyostaafu ualimu nikalijengea bodi ya mbao, tukatia kitanda, sanduku la vyombo na cherehani yako dirishani, tukawa tunalala humo kila tulipofuata minada. Watu wa Kabwe walikuwa wakituuliza kwa nini hatulali gesti kama wafanyabiashara wengine. Ukawajibu, "Gesti zenu hazina cherehani."

Na unakumbuka, naamini, kwamba hukukubali kushona wala kulala kabla lori halijakaa sawa. Ulisema cherehani ikiwa mteremkoni inakukimbia miguuni, na mtu akilala kichwa chini anaamka amegombana na kila mtu. Basi mimi nilikuwa nje, nikitia mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha nikipanga mbao chini ya upande ulioinama. Wewe ulikuwa ndani, umeketi kimya karibu na lile bakuli lako la bati, umelijaza maji hadi kwenye mstari wa buluu. Uliyatazama maji, nami nikaisikiliza sauti yako. "Kulia bado." "Sasa umezidisha, Baba Kristina, unataka tumwagike?" Kwanza kulia na kushoto, halafu mbele na nyuma, na mwisho yale magogo mafupi chini ya chasisi, ambayo hayainui kitu bali huzuia nyumba isitikisike. Maji yalipogusa mstari pande zote ulisema neno moja: "Imetulia." Hapo ndipo nilipojifuta mikono. Hata Wampembe, ambako hatukuwahi kupata uwanja ulionyooka, neno hilo nililipata.

Tulipotoka kukuzika Mwazye, nililiegesha lori nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, nikazima injini. Sikutia jiwe, sikutia ubao. Niwie radhi. Sikuweza... Nilivuta breki ya mkono tu, nikaingia ndani.

Mvua zilipokuja, gurudumu la nyuma la kushoto likaanza kuzama. Jirani yetu Masanja, yule mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake na ambaye hukumwacha apite bila kumtania, alisimama kwenye ua akapaza sauti: "Mwalimu, shikamoo! Nyumba yako imelewa, na wewe mwenyewe hunywi!" Nilimwitikia marahaba, nikamshukuru kwa taarifa. Alicheka peke yake, halafu akaacha kucheka.

Siku moja nilijaribu. Nilijaza bakuli, nikashuka, nikainua kwa jeki, nikapanda kutazama. Kila nilipopanda, uzito wangu uliyayumbisha maji, na nilipongoja yatulie nilisahau ni upande gani uliokuwa chini. Nilipanda na kushuka hivyo mpaka goti likakataa. Kazi ile ni ya watu wawili, Mama Kristina. Katika miaka yetu yote sikuwahi kulifikiria hilo, kwa kuwa hukunipa nafasi ya kulifikiria.

Kristina wetu amerudi kutoka Kabwe tangu mwisho wa mavuno yaliyopita. Siku ile goti lilipokataa, alinikuta nimeketi kitandani mwako na bakuli mapajani. Akasema kwa adabu uliyomfunza, "Baba, nikae ndani nikutazamie maji?" Nikamjibu, "Hapana, mwanangu, ahsante sana." Nilimjibu kama mtu amjibuvyo mgeni. Akaenda kuosha vyombo. Nilijua anataka kulipokea lori na cherehani, afuate minada kama sisi, na kwamba nikiendelea kunyamaza atarudi Kabwe baada ya misa yako ya kumbukumbu. Alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake. Hata hivyo nilinyamaza, kwa sababu niliogopa kitu kimoja: kwamba atakaa mahali pako, maji yatagusa mstari, naye atasema lile neno lako kwa sauti inayofanana na yako.

Wiki hii mvua kubwa ilinyesha, na tukasikia kishindo. Cherehani yako ilikuwa imeteleza kutoka dirishani ikagonga mlango. Usifadhaike, haikuvunjika, ni mkanda tu uliochomoka. Lakini nilipouona ule mguu wa chuma umeegemea mlango, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani, nilitoka nikamwita mwanetu. Nilimwambia, "Kristina, tafadhali, nenda ukakae kwenye bakuli."

Masanja alikuja na mawe bila kuitwa. Mimi nikashika jeki. Kristina aliketi kama ulivyokuwa ukiketi, bila kutikisa hata kidole. "Kushoto, Baba. Kidogo tena. Hapo, hapo, usiguse!" Masanja akasema, "Binti ana amri huyu kuliko mama yake," nikamwambia hakuna mwenye amri kuliko mama yake. Tulipanga mbao chini ya lile gurudumu, tukaja mbele, tukatia magogo. Kisha nikangoja lile neno chini ya chasisi huku nimefumba macho.

Hakulisema. Alisema, "Baba, maji yamenyamaza."

Neno lako amelikuta akaliacha mahali lilipo. Nilibaki kule chini kwa muda, nikijifanya nakaza gogo, na Masanja, Mungu ambariki, akaanza kuongea na ng'ombe wake kwa sauti kubwa isiyo ya lazima.

Usiku ule mwanetu alilala ndani ya lori. Asubuhi nilisikia cherehani. Nilimpelekea chai, nikamwambia afungue mzigo wake, kwamba lori ni lake na kiti cha ndani ni chake, nami nitabaki mtu wa nje maadamu goti linaniruhusu. Nakuomba umridhie.

Nakuaga sasa, mke wangu, kwa shukrani ambazo shule ya misheni haikunifundisha kuziandika. Nakuahidi kwamba barabara ikikauka tutashuka Wampembe, na tukirudi tutapita Mwazye, tulale usiku mmoja karibu nawe, lori likiwa limekaa sawasawa.

Kwenye misa yako huko Mwazye sitafika, goti halitaki safari ya basi. Barua hii anakuletea Kristina. Nasikia ardhi imedidimia na msalaba wako umelala upande, kwa hiyo nimempa kabari niliyoichonga kutoka kwenye ubao wetu wa zamani. Asipojua upande wa kuitia, mwelekeze, kama ulivyokuwa ukinielekeza mimi.

Mumeo,
Baba Kristina