Gunia Usoni mwa Nyambura

Ruiru, Jumanne, Novemba 1956

Jua limewaka tangu saa tatu, jua zuri la kuanika. Mimi nimechoka. Nyambura anaota meno na haniachi nilale.

Nimefanya kosa. Naliandika kabla sijaanza kulipunguza.

Bwana Lin, mchoraji wa kisiwa cha Formosa aliyepanga chumba nyuma ya duka la Mhindi kule Thika, amekuwa akija shambani wiki mbili sasa kutuchora tukianika kahawa. Nilidhani atachora ndege na maua kwa wino, kama kwenye vikombe vya dukani. Kumbe alisomea Japani kuchora kama Wazungu, kwa rangi za mafuta, nzito kama siagi. Ijumaa alimchora Nyambura kwenye kibao, akanipa. Sikumwomba. Alikuwa amesikia tu kwamba baba yake mtoto alitiwa kizuizini kabla hajazaliwa, na hajamwona hata siku moja.

Nyambura amepewa jina la cucu wake, mama wa baba yake, na paji la uso ni lile lile. Nataka baba yake alione. Mhubiri wetu anaruhusiwa kuingia kambini, na anaondoka Alhamisi.

Lakini rangi haikauki. Jumamosi mbichi, Jumapili mbichi. Bwana Lin alikuwa ameniambia nikiweke ndani na nisikifunike. Nikajiona najua. Miaka minne naanika kahawa, mtu wa rangi ataniambia nini kuhusu kukausha? Leo asubuhi nikakilaza kwenye meza ya waya, kando ya kahawa yangu. Saa sita jua likawa kali, nikafunika vyote kwa magunia kama kila siku, kahawa isipasuke.

Mkono ulienda wenyewe.

Nilipofunua, gunia lilikuwa limemshika mtoto usoni.

"Mama Nyambura," Wambui akaniita kutoka meza ya pili, "umeanika mtoto? Haya, mgeuze basi, asiive upande mmoja." Wote wakacheka. Nami nikacheka, halafu nikaenda stoo kukaa kidogo peke yangu.

Bwana Lin alifika saa nane. Nikamwambia kabla hajauliza: nimefunika. Hakunikemea. Aliketi juu ya debe akang'oa nyuzi za gunia kwa kibano, moja moja, Nyambura akimtazama kutoka mgongoni kwangu. Macho yamepona. Paji limepona. Shavu moja na blanketi vimebaki na alama za gunia, mistari midogo iliyopishana.

Akatoa kisu chake chembamba. "Nakwangua shavu, napaka tena. Siku kumi."

"Mhubiri anaenda Alhamisi."

"Hivi mbaya."

"Si mbaya. Usiguse."

Ilikuwa sauti ile ninayomwonya nayo Nyambura akikaribia moto. Akaniangalia, akafuta kisu kwenye suruali. Kisha akakata kizibo cha chupa vipande vinne, akabandika kimoja kila pembe, akanipa kibao kingine cha kufungia juu yake Alhamisi asubuhi. Hivyo hakuna kitakachogusa uso.

Baba Nyambura alibeba magunia shamba hili miaka sita. Mistari hiyo ataijua bila kuambiwa. Paji la mama yake, je, atalijua?

Picha iko ndani, juu ya rafu. Sijaifunika.