Mlembe Bado Anaita Kolo

Mjukuu wangu Rehema,

Assalamu alaykum. Shikamoo yako imefika, marahaba. Kifua kimepona huko Mwanza? Sisi tu wazima, alhamdulillahi, ila bibi yako na goti lake.

Umeuliza kama ni kweli mlembe, yule ndege mdogo, huongoza watu kwenye asali, maana unataka kuja na wenzako kutembea mlimani mumwone. Ni kweli. Ujanani baba yangu alinipeleka msituni huku Kolo. Akapiga mluzi, ndege akaitikia, akawa anaruka mti hadi mti, nasi nyuma yake tukikanyaga nyayo za tandala, mpaka kwenye mti wenye nyuki. Tulipotoa asali, nikataka kufungasha yote. Baba akacheka.

"Mlafi wewe! Mwachie mwenyeji sega lake. Ukimdhulumu, kesho atakupeleka kwa chui."

Basi Ijumaa, nikitoka msikitini, nilimsikia tena. Nilifurahi kama mtoto, nikamfuata na kanzu yangu. Akatua kwenye kisiki. Mti wenyewe wa nyuki watu walishaukata, wakachoma mkaa, na mlima wote ule ni visiki. Ndege akaendelea kuniita pale pale, na mimi nimesimama, sina hata kipande cha sega cha kumwachia.

Namwomba Mungu kila alfajiri, lakini moyo wangu umevunjika. Sijui nitawaonyesha nini wenzako. Anayeita amebaki huyo mmoja, na hajui kwamba hakuna kitu.

Kama bado unataka kuja, nijibu upesi.

Babu yako