Ulipolipwa Fungu Badala ya Rupia

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini ulinikataza kuanza na shida kabla ya salamu, na mimi bado nakutii.

Shida yenyewe ni Bwana Salumu wa Lindi. Ametuma mtu wake hapa Masasi: anataka kulinunua lile fungu lako katika biashara yake, na safari hii analipa rupia. Mama anasema nipokee. Kabla sijajibu, nimetaka tukumbushane kwa nini wewe ulizikataa rupia.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinunua mpira? Wamakonde wanateremka kutoka Newala na madonge yao ya utomvu mkavu vichwani, nawe kila donge unalipasua kwa kisu mbele ya mwenyewe, maana wapo waliofungia jiwe ndani ili lizidi uzito. Hakuna aliyenuna. Aliyeleta donge safi alikuwa akikuhimiza, "Pasua, Baba Somoe, pasua uone!"

Halafu akaja Bwana Salumu kununua duka zima, pamoja na wapagazi na wagema mpira waliokuzoea. Ulikuwa umechoka. Wafanyabiashara wa Lindi walikuwa wanauza nguo kwa bei ambayo wewe hukuiweza, na Wadachi wa boma walikuwa wanadai kodi hata ukiwa hujauza kitu. Mama akafurahi, akidhani zinakuja rupia. Wewe ukaomba fungu katika biashara yake yote, ya Lindi na ya huku.

"Fungu haliliwi, Baba Somoe," Mama alikuambia.

"Kwani rupia unazitafuna?"

Alisusa kukupakulia, ukajipakulia mwenyewe. Ndipo ukatueleza, huku unakula. Kwanza, Salumu rupia zote hanazo. Angekopa, na deni angelilipa kwa kuwabana wagema wako. Tena duka si donge la mpira, hawezi kulipasua aone ndani mna nini. "Nikichukua rupia nikaondoka, atajiuliza nimemfungia jiwe gani. Nikibaki na fungu, anajua jiwe likiwamo litanivunja meno hata mimi." Na wewe ukaenda Lindi kulipasua la kwake: ukaingia ghalani, ukanusa nta ya nyuki aliyorundika, ukawauliza wapagazi kama wanalipwa kwa wakati. Uliporudi ukaongeza kwamba rupia zikiingia nyumbani leo, kesho ukoo wako mzima utakuwa unaumwa. Hapo Mama alicheka, maana nduguzo anawajua.

Vita vya Maji Maji vikaja, duka likaungua na nguo zote. Tulikimbilia kwenye majabali, na huko pangoni Mama hakukuacha upumue. Leo tungekuwa na rupia, alisema. Ukamjibu kwamba tungekuwa nazo mpaka wa kwanza mwenye bunduki atukute. Sikujua nani kati yenu ana haki, na mpaka leo sijui vizuri.

Ilipofuata njaa, Bwana Salumu alituletea mchele. Mama alimwombea dua. Wewe ulisema si huruma, ni kwamba anakuhitaji: wagema walikuwa wametawanyika, na mtu wa kuwaita warudi ni wewe peke yako. Kweli, haikupita muda akakutaka upande hadi Newala kuwaita. Ulikuwa unakohoa vibaya. Nilikusihi ukae. Ukasema, "Mwenye duka haagizi mtu, Somoe. Anakwenda."

Watu wa Chiungutwa, kijiji cha njiani, ndio waliokurudisha, umelala kwenye machela.

Nililichukia fungu lile, Baba. Ungelipwa rupia ungekaa nyumbani na kikohozi chako, na pengine barua hii nisingeiandika. Mama husema wewe ulilipwa fungu, yeye akalipwa kaburi. Anaogopa likinibaki mkononi litanipeleka kule kule lilikokupeleka.

Ila jana nilimwuliza yule mjumbe kama rupia zitalipwa kidogo kidogo. Akasema zote, mara moja, hata kesho. Siku ile ya kununua duka, mambo yakiwa hayaeleweki, Salumu alifurahi kugawana nawe hasara ambayo ingeweza kuja. Leo wagema uliowaita wameanza kurudi, mpira unatafutwa Lindi, na ghafla anataka kuwa peke yake. Nilihisi kisu chako kimepita katikati ya donge.

Nimemjibu haliuzwi. Mjumbe akacheka, akaniambia fungu lisilo na mtu wa kuwaita wagema ni jina tu, na bwana wake anaweza kumtuma mtu mwingine Newala akayajenga mazoea yake. Katika hilo hakukosea. Kwa hiyo napanda mimi. Wengi kule watakuwa wameniona mlangoni pako nikiwa mdogo, wasiponikumbuka nitawatajia jina lako.

Nilimweleza Mama nikitarajia kilio. Alikwenda kutwanga mtama, akatwanga mpaka nikaona haya kumtazama. Natamani ungekuwapo umtanie kidogo, mimi nilishindwa. Nilipoingia ndani kufunga mzigo wangu, nikakuta amekwisha funga mafurushi mawili, yote yana unga na chumvi. Nikamwuliza hili la pili ni la nani.

"Kwani fungu hilo," akasema, "ni lako peke yako?"

Tunaondoka kesho, Baba. Tukifika Chiungutwa tutawashukuru waliokubeba.

Mwanao,
Somoe