Vikapu Kwenye Rafu ya Stoo

Mjukuu wangu Mwanasha,

Huku Waa sote tu wazima, alhamdulillahi. Mamako anavuna mihogo, nami goti lingali linanisumbua.

Umeniuliza: mkubwa wako hapo hospitalini akikuamuru ufiche upungufu wa vifaa wageni wakija, umtii?

Nilipokuwa muuguzi kijana, akina mama walikuja kujifungua na vikapu vyao, ndani mna glavu, pamba, wembe na uzi wa kufungia kitovu, kwa sababu stoo yetu ilikuwa tupu. Siku mkubwa wa afya alipokuja kutukagua, metroni alituamuru tuvisukume vikapu chini ya vitanda. Mimi nikavibeba, nikavipanga kwenye rafu za stoo.

"Vikapu hivi ni vya nini?" mgeni akauliza.

"Hii ndiyo stoo yetu, bwana," nikamjibu. "Wameileta wagonjwa."

Vifaa vililetwa wiki ileile. Nami nikahamishiwa Taru, eti jua la huko litanitia adabu.

Nilipofika, hata sanduku sijalitua, niliwauliza wenzangu: "Vikapu vya akina mama mnavificha wapi?"

Ni mimi bibi yako, ambaye hadi leo hajatiwa adabu,

Mwanakombo