Jirani Yangu Amegeuka Manjano kwa Karoti Zangu

Mpendwa Shangazi Hwa-suk,

Nisaidie, na jina langu usilitaje, maana hapa kisiwani, Sehwa, ukipiga chafya mtaa wa juu, mtaa wa chini wanakuombea afya. Mimi nauza karoti katika soko letu la kila baada ya siku tano, nina miaka hamsini na sita na uso wangu hauna hata doa, wanunuzi wakaanza kuniuliza siri, basi ulimi ukaniponza, nikawaambia ni karoti tu, na nyanya za kupikwa kwa mafuta, na chai ya kijani, kuleni hivyo jua haliwagusi, kofia tupeni kule, na Shangazi, karoti zilikwisha kabla ya adhuhuri! Sasa jirani yangu wa meza, Mama Bo-ram muuza ngisi wakavu, tumeshibana miaka ishirini, alinisikia akaamini, akala karoti asubuhi, mchana na jioni, na juisi yake akanywa, akaanika ngisi kiangazi kizima kichwa wazi, mimi namwona na nimenyamaza, kwa sababu alikuwa akininunulia kikapu kizima kila soko.

Leo viganja vyake ni manjano, nyayo manjano, na pua imebabuka inachunika kama kitunguu. Wiki iliyopita wazazi wa mchumba wa binti yake walikuja kutoka Busan, ng'ambo ya bahari, kujitambulisha, yule mama akaitazama mikono inayomimina chai, akauliza, "Dada, ini lako lina nafuu?" Mama Bo-ram akacheka, "Ini langu zima, hizi ni karoti tu!" Wakatazamana, wakaaga matunda hayajamenywa, na kesho yake wakapiga simu kwamba harusi isubiri, wanaogopa ugonjwa wa ukoo. Bo-ram analia tu, na mama yake ananiambia, "Shoga, niongezee karoti, labda sikula za kutosha," na kinachoniua Shangazi ni kwamba mimi kila alfajiri ya soko hupaka losheni ya kukinga jua kabla hajafika, na shambani navaa kofia pana kama ungo, naye hajui. Nikisema nitampoteza yeye na wateja. Nifanyeje?

Asiyetaka Kutajwa

*

Asiyetaka Kutajwa,

Umetaja soko, meza, jirani na binti yake, umebakisha nini? Majina nimeyabadilisha mimi. Pole, ila robo tu. Robo tatu nampa Mama Bo-ram.

Hukusema uongo mtupu, na hapo ndipo ulipokuwa hodari. Karoti, nyanya zilizopikwa, chai ya kijani, huenda vikaisaidia ngozi kidogo kutoka ndani. Kidogo, mama! Hakuna sahani inayovaliwa kichwani. Mwenzako anababuka mbele ya macho yako, wewe unampimia kikapu kingine?

Manjano ya karoti huondoka yenyewe mtu akipunguza kula, kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Lakini usijifanye daktari mara ya pili. Kesho mpeleke hospitali wamwangalie macho kama nayo yana manjano, wampime damu, wampe majibu kwa maandishi. Njiani mwambie ukweli wote, na la losheni usiliruke. Atakutukana. Usijitetee, msikilize mpaka achoke.

Wateja nao wanakudai neno. Bandika bango mezani: "Karoti tamu. Kofia uvae." Utauza pungufu, na umestahili.

Majibu yakitoka safi, muombe ruhusa Mama Bo-ram, kisha panda ndege uende Busan, wewe, si yeye. Piga magoti sebuleni kwa wale wazazi, weka karatasi mbele yao, useme, "Mwenye ugonjwa ni mimi, ugonjwa wa mdomo." Yule mama akicheka, harusi ipo. Asipocheka, mwache Bo-ram alie wiki moja, aliyewaponea chupuchupu wakwe wa namna hiyo hahitaji zaidi.